Vipimo vya Magoti

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro, bodaboda bado wamelala,
mteremko wa Mwanga kwenda stesheni ni mali ya watu wanne
wenye jumla ya miaka mia mbili hamsini na mitatu.
Nimejumlisha mwenyewe, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia.

Anatangulia Skolastika Ntahondi, sitini na minne,
aliyepima mizigo ya abiria tangu sketi yake ya kwanza ya kazi
hadi mzani wenyewe ulipochoka.
Kofia ngumu ya njano ya reli, kamba chini ya kidevu,
mguu mmoja juu ya ubao, mwingine unasukuma lami
kama mtu anayefukuza kuku bila chuki.
Kisha hausukumi tena.
Mlima unampokea.

Ubao ni mninga, kauchonga Hamduni,
fundi breki wa mabehewa kwa miaka thelathini na mmoja.
Magurudumu yalivuka mpaka ndani ya gunia la maharage;
beringi anazilainisha kwa mawese.
"Maisha yangu yote nimesimamisha vitu," anasema.
"Niacheni nione vinavyokwenda."

Watu hawakukosa la kusema.
Kibirizi, waanika dagaa walisema bibi karogwa.
Binti yake alipiga simu kutoka Dodoma:
Mama, picha yako imefika mpaka ofisini kwetu.
"Nimependeza?"
Simu ikakaa kimya hadi salio likaisha.

Na mimi, Bakema, fundi cherehani, hamsini na miwili,
nilikuwa wa kwanza kucheka, sifichi.
Nilishaanza kuketi kwa kuhesabu,
kuinuka kwa kumtaja Mungu,
kukataa mialiko ya ghorofani kwa sababu ya ngazi.
Nikamwambia: Dada, hapa tulipo ni mwisho wa reli.
Akacheka mpaka kofia ikamziba macho.
"Umekaa Kigoma miaka yote hiyo
hujawahi kutazama treni ikifika?
Haifi pale. Wanakifungua kichwa,
kinapita njia ya pembeni, polepole, peke yake,
wanakwenda kukifunga kule kulikokuwa mkia.
Behewa la mwisho ndilo linaloongoza kwenda Tabora."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na goti.

Siku aliyoanguka nilikuwepo.
Kokoto moja tu, ndogo kuliko punje ya mahindi.
Kiwiko kikachanika. Tulikimbia wote, kwa mwendo wetu.
Tukamkuta chali, anatazama mawingu yakitoka upande wa Kongo.
"Msiniinue kwanza," alisema.
"Sijalala barabarani tangu nina miaka tisa."

Ndipo nikashona.
Godoro kuukuu, turubai, mikanda ya mabegi yaliyokufa:
jozi nne za pedi.
Ya tano sikumwambia mtu.

Nilipanda ubao Jumapili ya tatu.
Nilikwenda mita sita. Labda tano.
Lakini zile tano, jamani,
upepo wa ziwa uliniingia kwenye mikono ya shati
na shati likawa na mtu mwingine ndani yake.
Halafu lami.
Halafu vicheko vyao, vitamu, vyenye mapengo.

Sisemi goti limepona. Linauma,
na mvua ikija linajua kabla yangu.
Ila zamani liliuma bure.

Jana kaja Nyanjura, muuza mkaa wa njia panda ya Katubuka,
hamsini na minane, mwanamke asiyetaniwa.
Anataka pedi. "Za mjukuu," kasema, akitazama dari.
Ana miaka mingapi?
"Saba."
Sikuchukua futi. Nilipima kwa macho,
nikaandika daftarini vipimo vya goti
pana, imara, lililopandisha magunia kilima hiki
kabla mjukuu hajafikiriwa,
nikauliza mtoto anapenda rangi gani.

"Nyekundu," alisema, upesi mno.