Sentimita Tisini

Kamati ilisema: maua yawe marefu.
Mwenyekiti akainua mkono juu ya kichwa chake,
mkono wenye saa, akasimama kwa vidole vya miguu:
"Hapa. Mgeni akiingia ashangae kwanza,
kukaa kutakuja baadaye."

Nami, mpambaji wa kumbi za Moshi mwaka wa kumi na moja,
nikaandika kwenye daftari: sentimita tisini,
meza ishirini na nne,
na pembeni, kwa herufi ndogo: bajeti haitoshi.

Mawaridi yalitoka Usa River ndani ya ndoo, usiku,
vikonyo vimefungwa magazeti,
yamelegea kama watoto waliolala safarini.
Glediola nilizipata Kiborloni
kwa mama aliyezipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha.
Nikaloweka sponji, nikachoma kikonyo kimoja kimoja,
na saa tisa za usiku nikahesabu:
meza kumi na nane zimevaa.
Sita zi uchi.

Ua refu lina njaa, hamjui.
Fupi hushiba bakuli na maji.
Refu hutaka mwili, hutaka jani,
hutaka kitu cha kijani kiishike hewa,
la sivyo husimama kama mtu mrefu mkutanini
aliyesahau alichosimamia kusema.

Nikapanda Uru kwa pikipiki, nyumbani kwa bibi harusi,
mapambazuko bado yanajishauri.
Mama Ndewingia alikuwa uani, anahesabu masufuria.
"Kata popote, mwanangu. Shamba ni hili."
Nikakata masale.
Yalisimama mstari mmoja, migomba huku, migomba kule,
yamenyooka, yamelowa umande.
Isale nalijua. Kwetu ni Kondoa,
lakini miaka kumi na moja si siku moja:
ukiletewa isale, kinyongo hukulala nacho tena.
Nalijua. Ila alfajiri ile, jani lilikuwa jani.

Sikujua kwamba mstari ule ndio ugomvi.
Kwamba ng'ambo yake anaishi Eliainenyi,
tumbo moja, ziwa moja na Mama Ndewingia,
na mwaka wa sita huu hawajaazimana hata kiberiti
kwa ajili ya hatua mbili za udongo.

Jioni, kamati ikawaketisha meza moja,
maana kadi hazijui mipaka.
Huku dada. Huku dada. Katikati, kazi yangu.
Na hiyo nayo ni faida ya kimo:
unakula na usiyemtaka
na mawaridi yanakufichia uso wake.

Ndafu ikaingia kwa vigelegele.
Eliainenyi hakugeuka.
Alikuwa amelishika jani, analifuata kwa kidole,
akalijua, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake mnadani.
"Haya yametoka mpakani."
Hakuniuliza. Alisema tu.
Kisha: "Nani kayaweka mbele yangu?"

Ningesema: mimi, mama. Mimi na bajeti.
Ulimi uliinuka, ukaketi.

Akanyamaza mpaka wimbo ukabadilika.
"Yashushe," akasema. "Simwoni mtu."

Nikaikumbatia chupa, maji yakanilowa kifuani,
nikaiweka sakafuni, karibu na viatu vyao.
Ng'ambo ya meza Mama Ndewingia
alikuwa na kipande cha nyama mdomoni,
hatafuni.

Mpiga video alikuwa kwa bibi harusi, kama ilivyo haki yake.
Kwa hiyo hakuna picha ya mkono uliovuka kitambaa
ukasukuma sahani ya chumvi
mpaka upande wa pili.
Neno sikulisikia. Spika zilikuwa kubwa.

Saa sita usiku namwaga maji, nakunja stendi.
Kwenye chupa ya sakafuni masale yalikuwa sita.
Nilikuwa nimeweka saba.

Mwenyekiti akaja na orodha yake.
"Meza moja maua yalikuwa chini. Hatukukubaliana hivyo."
Akakata elfu ishirini.
Nikamwachia.