Kumi na Moja

Karatasi waliibandika kwenye mlango wa darasa la tatu,
ukungu bado umelala uwanjani.
Niliisoma kwa tochi ya simu:
wao, mia tatu themanini na sita;
sisi, kumi na moja.

Kufikia saa nne utani ulishafika kilabuni,
mbeta ya kwanza ya ulanzi haijaisha.
"Timu ya mpira!" alisema Enosi Tweve,
"na mchezaji wa akiba hawana."
Nilicheka nao. Utani ulikuwa mzuri, lazima niseme.
Kicheko kilinigeukia njiani, nikipandisha kuelekea shambani.

Wenzangu kumi siwajui.
Nadhani Mama Luvanda,
maana siku ile alivaa viatu vya ibada.
Nadhani yule kijana wa mashine ya kusaga,
asiyesema kitu, ila jioni yake
alinipimia unga ukazidi kidogo.
Wa nane, wa tisa, sina habari.
Tangu hapo nasalimia watu vizuri zaidi.
Huwezi kujua.

Mgombea wetu aliomba jambo moja: mizani gulioni.
Hakuahidi lami. Hakuahidi mbingu.
Viazi vipimwe kwa kilo, basi,
siyo lumbesa iliyovishwa kilemba juu ya kilemba,
ambayo tajiri anaiita gunia moja
na mgongo wangu unaiita mawili.

"Ya nini?" aliniuliza mume wangu.
"Hapa ni kwao tangu babu.
Utaenda, utarudi, magugu yatakuwa palepale."
Jibu sikuwa nalo.
Nilifunga kitenge juu ya sweta, nikaenda.

Kituturini unakuwa peke yako kama uko chooni.
Kalamu wameifunga kamba, utadhani tungeiiba.
Vema yangu ilitetemeka, ikapinda,
lakini ilikaa ndani ya kisanduku.

Mwalimu Mbilinyi, aliyekuwa wakala wetu, ndiye aliyenisimulia:
kila kura iliinuliwa, ikaonyeshwa, ikasomwa.
Mara kumi na moja msimamizi alitamka kwa sauti
jina ambalo hapa kwetu linanong'onwa,
na mara kumi na moja wakala wao
alilazimika kuchora kijistari.
Kisha akatia saini chini yetu,
kwa mkono wake mwenyewe.

Ya kata yakaja kesho yake.
Vijiji vya bondeni walileta mia, mia na ishirini,
watu ambao sijawahi kula nao chumvi.
Tulishindwa kwa kura sitini na tatu.

Sitini na tatu!
Wakati wa kupanda nikawa nahesabu, mbegu kwa mbegu:
shemeji yangu, aliyesema mizani ni wazo la maana
akabaki nyumbani kufungua pampu;
mabinti wanne wa kuchuma pareto;
kwaya nzima ya vijana, waliokuwa mazoezini;
mzee Ilomo, aliyesema goti.
Nilipofika arobaini tuta likaisha.
Nikanyamaza, maana mume wangu aliinama tuta la pili,
na nadhani alishajua nahesabu nini
na yeye ni wa ngapi.

Msimu wa kuvuna tajiri alikuja na lumbesa zake.
Hakuna kilichobadilika, sitawadanganya.
Lori lilelile, sindano ileile, kamba ileile.
Ila alipokishindilia kiazi cha mwisho juu ya kilemba,
mume wangu alinyoosha mkono,
akakitoa,
akakitia mfukoni mwa koti.

Tajiri akamtazama.
Akalitazama gunia.
Hakuna aliyesema kitu. Akashona.

Nami nikainama kuokota debe, nisionekane uso,
nikawaza: mchezaji wa akiba.