Mwisho Mpunguzi

Skuta ina rangi ya maziwa yaliyoungua.
Kioo cha kushoto kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na geji ya mafuta, anasema Chibago, "usiiamini,
ni mwongo kama shemeji yangu."
Elfu ishirini kwa siku. Kitambulisho nakiacha mezani,
sura yangu chali, ikitazama bati la Makole.
"Mwisho wako Mpunguzi. Magharibi uwe hapa."
Helmeti inanuka mafuta ya nazi ya kichwa cha mtu mwingine.

Semina imekwisha jana. Basi la Mwanza ni kesho alfajiri.
Katikati imebaki siku moja,
kama noti uliyoisahau mfukoni, ukaifua na suruali,
na bado inapokelewa dukani.

Mimi ni mtu wa Ukerewe.
Kwetu barabara zina adabu:
ukizifuata mno zinakufikisha majini,
zinakwambia basi, geuka, kwenu ni huko nyuma.
Ndivyo nilivyojifunza kuendesha, kwa kuzunguka,
Nansio hadi Nansio,
ziwa likiwa mkono wa kulia kama ukuta wa nyumba gizani.

Hapa siuoni ukuta.
Upepo unatoka pande zote kwa pamoja.
Bihawana mizabibu imening'inia kwenye waya,
mikavu, kama nguo za watu waliohama.
Mtoto ananipungia kikombe cha bati.
Naimba ndani ya helmeti, kwa Kikerewe, vibaya,
na hakuna wa kunisahihisha.

Mpunguzi naiona. Mpunguzi naiacha.

Kisha jiwe.
Si mlima; mlima una miguu, una watoto wake vilima.
Hili limesimama tu kwenye tambarare,
jeusi, kubwa, halimjui mtu.
Juu yake pimbi watatu wamekaa kama makarani wa bandari
wakisubiri nitoe karatasi.
Nikazima injini. Nikalizunguka kwa mguu,
kiganja cha kulia kikilipapasa, dakika arobaini na tatu,
mpaka nikaikuta skuta yangu mwenyewe, mbele yangu.
Ah. Kumbe ni kisiwa.

Njia ya mkato ilikuwa kosa langu.
Korongo, mchanga mtupu, upana wa uwanja wa mpira,
na gurudumu la nyuma likazama hadi kwenye mnyororo.
Katikati ya mchanga, kichwa cha mtu.
Mama, amesimama shimoni,
anachota maji kikombe kwa kikombe.
"Mbukwa."
"Mbukwa," nikajibu, sijui kama ndivyo.
Jina lake Sechelela. Akapanda juu, akafunga khanga upya,
tukasukuma wawili, bila kuhesabu moja mbili tatu.

"Mto huu unaitwaje?"
"Unapita chini. Una aibu mpaka mvua."
Akaninywesha. Maji yalikuwa na ladha ya jiwe na ya plastiki.
"Kwenu mnachimba kwenda chini kiasi gani?"
Nikatazama raba zangu.
Nitamwambiaje kwamba kwetu maji huja yenyewe hadi jikoni,
kwamba baba tulimzika mara mbili kwa sababu yake?

Pesa alikataa.
"Nizungushe. Mara moja tu."
Akakaa kiupande, ndoo tupu mapajani,
tukalizunguka zizi la ng'ombe lisilo na ng'ombe,
mara moja, mara tatu,
akicheka mgongoni mwangu, kicheko kinagonga mbavu zangu,
ndoo nayo inalia kila tunapopita shimo.

Mkonze mafuta yakakata.
Kijana akaniuzia lita moja kwenye chupa ya juisi, bei ya gizani.
Isha ilikuwa imeshaadhiniwa nilipofika.
Chibago amekaa mlangoni, kitambulisho changu
anajipepea nacho.
"Umefika wapi?"
"Mpunguzi."
Anautazama mchanga kwenye raba.
Anainama, anaitazama geji,
nami naitazama:
inasema tangi limejaa.