Vikorokoro

Kamera yenyewe nilishaipata: ya mbao,
mvukuto wake mwekundu una viraka viwili vya gundi.
Aliniuzia Lukelesha wa Pasiansi, mpima ardhi mstaafu,
akasema, "Bila vikorokoro vyake hili ni sanduku tu,
hata kuku hatakubali kutagia humo."

Nikaandika nyuma ya risiti ya umeme:
stendi, kitambaa cheusi, kioo cha kukuzia,
vibebeo vya filamu, waya wa kufyatulia, kipima mwanga, begi.
Chini kabisa nikaandika nilichonacho. Laki moja na tisini.

Nikakata begi.
Kapu la shangazi litatosha; linanuka sato,
lakini filamu haina pua.
Nikakata kipima mwanga, kwa shingo upande.
Miaka sita napiga picha za pasipoti pale Kirumba,
jua la saa nne nalijua kama ninavyolijua deni langu.

Dukani kulikuwa na stendi ya aluminiamu, nyepesi, inang'aa.
Nikaigusa kwa kidole kimoja
ikaitikia kwa mwili mzima.
Nikarudi kwa Lukelesha kuchukua ile ya mti
aliyopimia viwanja vya Buswelu enzi zake:
kilo saba, na ncha za chuma zinazouma ardhi.
Bega langu la kulia bado linamtaja.

Magesa fundi saa alikitoa kioo jichoni mwake,
kikaingia mkononi mwangu kingali na joto.
"Saa wanazo kwenye simu siku hizi," alisema.
"Angalia wewe."

Vibebeo, viwili tu.
Kila kimoja pande mbili: picha nne.
Nne! Mimi niliyezoea kufyatua arobaini
ndipo mtoto wa mtu afumbue macho.

Makoroboi niliomba kaniki, mita tatu.
Muuzaji akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.
"Unaanza uganga?"
Nikajifunika palepale mbele ya wateja, kulijaribu giza.
Nyota zikapenya kwenye nyuzi.
"Ongeza tatu, niikunje mara mbili," nilisema kutoka ndani,
nikamsikia akiwatangazia watu:
"Mizimu yake imekataa tatu. Inataka sita."

Asubuhi yake kulikuwa na upepo wa ziwa.
Nilipanda mawe nyuma ya Mabatini, nikasimika stendi,
na kamera ikawa inatikisa kichwa
kama mtu anayekataa posa.
Lukelesha alishanionya: ning'iniza kitu kizito katikati ya miguu.
Kizito! Katika orodha nzima, kitu kimoja cha bure.
Mwanza hii, nani ananunua jiwe?
Nikainama nikaokota moja, ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

"Hilo mia tano."

Mama mmoja, nyundo mkononi,
kazungukwa na kokoto alizozipima ndoo kwa ndoo.
Nkwimba, ndilo jina alilonipa baadaye.
"Likishapondwa hilo ni robo ya ndoo. Lipa au liweke."

Nilikuwa na nauli, basi.
Tukabishana, tukaelewana:
jiwe lake, kwa picha moja kati ya zangu nne.

Ndani ya kaniki, ziwa lilikuwa juu na mbingu chini,
na Nkwimba ananing'inia kichwa chini miguu juu
pamoja na milima yake ya kokoto,
na hakuna hata punje iliyoanguka.
Nikaweka kioo cha Magesa. Nikaitafuta kope. Nikaipata.

"Usitikisike mpaka niseme."
"Tangu alfajiri hakuna aliyeniambia hivyo,"
akalaza nyundo mapajani, mikono juu yake.
Nikabonyeza waya.
Nikahesabu moja, taratibu.

Nilipotoka gizani alikwisha kusimama,
anafungua kamba, anachukua jiwe lake.
"Tulisema kuliazima."
Akalipiga mara moja likawa mawili.
Kisha akanitazama, akacheka hadi akashika kiuno:
kaniki ilikuwa imechuja kwa jasho.
"Mpiga picha," alisema, "panguza uso.
Nusu yako ni buluu."