Yai Ndani ya Kofia

Kisimba alirudi kutoka machimboni
kofia ameishika kwa mikono miwili, kama bakuli la uji wa moto.
Ndani yake soksi, ndani ya soksi yai moja
la rangi ya meno ya mvuta tumbako.
"Tingatinga limefyeka majani yote kando ya Kafubu," alisema.
"Mama yake aliruka. Mengine yalipasuka.
Hili likanitazama."

Yai halitazami mtu, Kisimba.
Lakini nililipokea.

Usiku umeme ulikuwa umekatika, kawaida ya Katuba.
Nikaliweka yai mbele ya tochi ya simu:
mishipa myembamba, myekundu, kama mizizi ya kitunguu,
na katikati nukta moja inayotetemeka.
Basi nikaenda bandani kwa Sista,
bata bukini wangu mweupe asiyetaka mazoea,
aliyekuwa amelalia matano tangu Jumapili.
Alinisonya. Alinidonoa kifundo cha mkono, na alama ninayo.
Nikalisukuma la sita chini ya kifua chake.
Akaligeuza kwa mdomo, akalipima,
akanyamaza.

Siku ishirini na nane si nyingi kwa anayengoja mshahara.
Kwa anayengoja mayai ni mwaka.
Kila jioni Sista alishuka kuoga kwenye karai,
nami nikayanyunyizia maji ya vuguvugu kwa vidole,
kama padri anavyonyunyizia watu asiowajua.
Sarjenti, dume lake, alilinda mlango wa lupango.
Aliwafukuza wadai, mashemeji,
na mara moja mtu wa bili ya maji.
Siku hiyo sikumwita arudi.

Walianguliwa mwezi wa sita,
katika baridi ile ya Lubumbashi inayoingia hata ndani ya chumvi.
Wanne wa njano. Yai moja halikusema kitu.
Na mmoja wa kahawia, mwenye mistari usoni
kama aliyelia akafuta machozi kwa mkono wenye masizi.
Niliwasha mbabula, nikaifunika kwa bati lenye matundu,
nikaacha mlango wazi, nikalala chini karibu nao.
Niliwakatia lengalenga ndogondogo kama za mgonjwa,
nikachanganya na unga wa bukari uliobaki.
Wa kahawia hakutulia penye chakula.
Alibeba tonge lake akalila akiwa amesimama kizingitini.

Sista hakumbagua. Alimfunika kwa bawa lile lile,
na jirani aliyetaka kusema neno juu ya rangi
alikutana na mdomo wake.

Mwezi wa nane moshi wa nyasi zinazoungua ukajaa mjini,
na mabawa ya yule mtoto yakaota doa jeupe.
Asubuhi moja walipita wenzake, saba, juu ya paa la jirani,
wakielekea bondeni, wakikwaruza hewa kwa sauti zao.
Alipanda juu ya pipa. Kutoka pipa, ukuta.
Kutoka ukuta hapakuwa na kitu tena cha kukanyaga,
akakanyaga hicho.

Sista alikimbia uani, mabawa wazi,
akapiga, akapiga, vumbi likainuka kuliko yeye.
Miguu iliachana na ardhi kiasi cha shibiri,
nikaona mwanga ukipita chini yake.
Kisha akashuka, karibu na kisima.
Alikunja mabawa taratibu,
la kushoto mara mbili, kama shuka ambalo halikukaa sawa,
akaenda kuwadonoa wale wanne waliochezea maji yake.

Jumamosi Kisimba alipita, vumbi la kijani kwenye nyusi.
"Wangu yuko wapi?"
Nikamwonyesha juu.
Alitazama muda mrefu, kofia mkononi, mdomo wazi.
Halafu akadai nusu ya bei ya yai.

Nikamwambia azungumze na Sarjenti.