Nyumba Haikuhama

Barua imefika pamoja na theluji ya kwanza.
Tume ya Mipaka inanifahamisha, kwa heshima zote,
kwamba kuanzia uchaguzi ujao
nitakuwa mkazi wa jimbo jingine.
Nimeinua pazia. Nyumba iko palepale.
Bomba la jikoni linavuja kwa sauti ileile.

Hapa Winnipeg jimbo letu huitwa Ketterling,
jina la mkaguzi wa reli
aliyelala huku usiku mmoja, akalalamikia kunguni.
Walilichora babu akiwa bado
na matope ya Galisia kwenye buti.
Kusini, reli. Mashariki, mto.
Magharibi, machinjio.
Kaskazini waliandika tu "na kuendelea",
maana hakuna aliyetaka kwenda kuona.

Wa kwanza kutuwakilisha alikuwa Throssell, muuza mbegu,
mkazi wa ng'ambo ya reli, kwenye miti na vibaraza.
Miaka kumi na sita!
Kumbukumbu za Bunge zinaonyesha alitutaja mara mbili,
mojawapo kuhusu harufu.

Akaja Hrynchuk, mwoka mikate,
aliyeshinda kwa kura moja tu,
na baba aliapa hadi kufa kwamba kura hiyo ilikuwa yake.
(Kila mwanamume wa mtaa huu aliapa vivyo hivyo.)
Aliingia Bungeni na unga kwenye nyusi.
Akadai daraja la kuvuka reli, akalipata,
na mwaka uliofuata ramani ikachorwa upya:
mitaa minne iliyompigia kura
ikapanguswa hadi ng'ambo ya mto
kama makombo mezani.
Mwenye rula ndiye alaye nyama.
Akarudi kwenye tanuri lake,
na tangu hapo, mama alisema,
mikate ilizidi chumvi.

Zolotow, mfamasia, mwanamke wa kwanza:
alisikiliza shida zetu huku akihesabu vidonge
wala hakukosea hesabu, wala shida.

Halafu Verna Monias,
ambaye bibi yake, Mkrii, mzaliwa wa nchi hii
kabla haijagawanywa kusini na kaskazini,
hakuruhusiwa kupiga kura
hadi alipokuwa na wajukuu watatu.
Siku ya mjadala wa mipaka Verna aliinua ramani ya Tume,
akaigeuza, akawaonyesha upande mweupe.
"Hii," alisema, "ndiyo niliyofundishwa nyumbani."
Spika akamwomba arudi kwenye hoja.

Sasa tuna Dimaculangan,
aliyekulia chini ya meza ya cherehani
katika kiwanda cha makoti, mama yake akishona mifuko.
Sijui kama atatufaa. Anapokea simu, angalau.
Ila mimi si wake tena.

Kata pua uunge wajihi:
mstari mpya unapita uchochoroni,
kati ya jiko langu na la Luzviminda.
Miaka ishirini na miwili
tumepitishiana sufuria juu ya ua huu,
supu yangu ya bitiruti, tambi zake za kamba.
Jana alinisimamisha getini, mkono juu kama askari:
"Unavuka jimbo, mama. Una vibali?"
Tukacheka hadi supu ikamwagika,
doa jekundu kwenye theluji,
nusu kwake, nusu kwangu,
au basi nusu Ketterling, nusu sijui wapi.

Tume imetoa siku thelathini za maoni.
Kuna fomu, ina mistari sita.
Nimeketi nayo tangu alasiri.
Ningewaandikia habari za babu, za unga kwenye nyusi,
za upande mweupe wa ramani;
mistari sita haitoshi hata harufu.
Nimeandika hivi:

*Taa ya uchochoroni, nguzo ya tatu,
haijawaka tangu Machi.
Mstari wenu unapita chini yake hasa.
Naomba kujulishwa
gizani pale ni kwa nani.*