Mkalimani

Kongwa, miaka ile ya karanga,
ardhi iligoma.
Mvua ikinyesha inakuwa uji,
jua likiwaka inakuwa saruji,
na matrekta yaliyokuwa vifaru vya vita
yakavunjika meno juu yake
huku mabwana wakiandika barua Ulaya.

Nilikuwa na miaka minane. Kazi yangu
kumpelekea baba chakula mahakamani:
ugali wa uwele, mlenda, kitambaa juu.
Baba alivaa kaptula ya kaki
yenye mkunjo wa kukata kidole.
Niliamini mkalimani hana mdomo wake,
ni dirisha tu: neno linaingia Kigogo,
linatoka Kiswahili,
halijapungua punje.

Siku ile kizimbani alikuwa Mhaluka,
mfagiaji wa karakana, mikono grisi tupu,
aliyetufundisha, mimi na Kolini wa bwana meneja,
kunasa kumbikumbi kwa mwanga wa koroboi.
Saa ya fedha imekutwa ndani ya shuka lake.

Kulikuwa na mabenchi ya kivulini na mabenchi ya juani.
Hapakuandikwa popote nani akae wapi.
Kolini alikaa kivulini
kati ya mama yake na kofia ya mama yake.
Kigogo chake kilipita changu:
alijua matusi yote.

Mhaluka akasema, polepole,
kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini:
*Saa sikuiba. Mtoto huyu alinipa mwenyewe
siku nilipomvuta lamboni, amekwisha kunywa tope.
Alisema mama yake asijue. Sikumwambia mtu.
Muulizeni. Si huyu hapa?*

Bwana hakimu akainua kalamu. "Anasema nini?"

Mimi nilikuwa nje, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha.
Niliona koo la baba likipanda, likashuka.

"Anaomba msamaha, bwana. Anasema ni shetani."

Nilidhani amesikia vibaya.
Nikamtafuta Kolini kwa macho ili tucheke,
kama tulivyozoea wakubwa wakikosea.
Kolini alikuwa anafungua kamba za viatu vyake.
Akazifunga. Akazifungua.

Viboko kumi na viwili. Miezi sita Isanga.
Mhaluka alipofasiriwa, hapo neno kwa neno,
alimgeukia Kolini, akangoja kidogo,
kama unavyongoja mtoto amalize kupiga chafya.
Kisha akamfuata askari.

Chakula kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda.
Njiani baba akasema, wala sikumwuliza:
"Ningesema alivyosema, ingekuwa mtu mweusi
kamwita mtoto wa mzungu mwongo.
Ishirini na vinne, na miaka miwili.
Nimepiga hesabu."
Shuleni ndiyo kwanza tumefika kwenye kutoa.
Nikajaribu: ishirini na nne, toa kumi na mbili.
Jibu lilipatikana.
Sikujua nimpelekee nani alisahihishe.

Kesho yake Kolini akaja uani na gololi tano,
ile ya bluu ikiwemo, ambayo huwa hatoi.
Nikasimama. Nikafuta mikono kwenye gauni.
"Shikamoo," nikasema.
Hatukuwahi kusalimiana hivyo, tulikuwa tukirushiana mawe.
Alikaa kimya mpaka kuku akapita katikati yetu.
"Marahaba," akaitikia,
akaondoka na gololi zake.

Halafu, sikumbuki siku ya ngapi,
akaja mke wa Mhaluka kwa miguu kutoka Mlali,
vumbi hadi magotini, kibuyu kichwani.
"Mbukwa," akapiga hodi. Baba akaitika
bila kuinuka.
Alikuja kumshukuru karani, alisema,
kwa kumsemea mume wake mbele ya wazungu,
maana wao lugha hawana.

Baba akaangalia mlango, akaangalia paa.
Mama, asiyejua lolote, akaleta vikombe.

Yalikuwa maziwa ya mgando, yenye harufu ya moshi wa kibuyu.
Nilikunywa changu chote.
Yalikuwa matamu.